Shule binafsi inayopokea fedha za umma: ina haki ya kumkataa mtoto mwenye mahitaji maalumu?

Mleta mada

Ndugu zangu, kila tukigusa elimu ya watoto wenye mahitaji maalumu tunaangukia ubishi ule ule. Wa shule za umma wanasema shule binafsi ni biashara, wa shule binafsi wanasema shule za umma zimechoka, na mtoto mwenyewe hazungumziwi tena. Nataja msimamo wangu mapema ili anayetaka kuupinga ajue anapinga nini. Shule yoyote inayopokea fedha za umma, iwe kwa ruzuku au kwa vocha, yaani fedha za serikali anazopewa mzazi amlipie mtoto ada, isiruhusiwe kumkataa mtoto kwa sababu ya ulemavu wake. Na fedha zikihama na mtoto kutoka shule ya umma kwenda binafsi, haki zake nazo zihame naye.

Kwanza tuangalie mtoto anavyokataliwa, maana neno "hapana" ni nadra kulisikia. Mtoto anaitwa kwenye usaili. Anapewa penseli afuatishe mstari wa vitone, anaulizwa jina lake na mtu asiyemjua, anaulizwa tena. Ana usonji, kwa hiyo hamtazami anayemuuliza. Anaiangalia feni darini inavyozunguka. Mama anaitwa pembeni na kuambiwa kwa upole kabisa: "Mtoto wako ni mzuri, ila hapa hatuna uwezo wa kumhudumia anavyostahili. Mtafutie shule itakayomfaa." Hapewi barua wala sababu ya maandishi, na hana pa kukata rufaa. Kwenye kumbukumbu za shule ni kama hakuwahi kufika. Matokeo ya mtihani yakitoka, shule hiyo inalinganishwa na shule ya umma ambayo haikuruhusiwa kumrudisha mtu getini, na tunaambiwa hii inafundisha vizuri kuliko ile. Ulinganisho wa namna hiyo mimi siukubali.

Marekani wamelipitia jambo hili kwa undani. Kabla ya sheria ya mwaka 1975, watoto zaidi ya milioni moja wenye ulemavu walikuwa nje kabisa ya mfumo wa shule za umma. Sheria ile ikaamuru kila mtoto apate elimu ya umma, bure na inayomfaa, na awe na mpango wake wa kujifunzia ulioandikwa, ambao mzazi anaweza kuupinga mbele ya chombo cha maamuzi. Baadaye zikaja vocha. Florida ilianzisha vocha za watoto wenye ulemavu mwishoni mwa miaka ya 1990, na majimbo mengine yakafuata. Mzazi anayeichukua na kumhamishia mtoto shule binafsi anahesabika amemtoa kwa hiari yake, na mtoto anapoteza haki zake binafsi chini ya sheria ile ya 1975. Mpango wake wa kujifunzia haumlazimishi mtu tena. Zaidi ya hapo, sehemu ya sheria ya mwaka 1990 ya watu wenye ulemavu inayobana taasisi binafsi haizigusi shule zinazoendeshwa na mashirika ya dini. Kwa hiyo fedha za umma zinaingia, lakini wajibu wa umma unabaki nje.

Wapo waliofanya vingine. Italia ilianza kuwaingiza watoto wenye ulemavu katika madarasa ya kawaida tangu miaka ya 1970, na sheria yao ya mwaka 2000 inasema shule binafsi inayotaka kutambuliwa sawa na za serikali lazima impokee kila anayeomba na kukubali mwelekeo wa elimu wa shule hiyo, wakiwemo wenye ulemavu. Uholanzi, ambako shule za dini na nyingine zisizo za serikali zinagharamiwa sawa na za serikali tangu mabadiliko ya katiba ya 1917, iliweka wajibu wa malezi mwaka 2014: shule uliyomwombea mtoto nafasi, ikiona haimuwezi, ndiyo inayopaswa kumtafutia shule nyingine inayomfaa. Mzigo wa kuzunguka mlango kwa mlango ukatoka kichwani kwa mama.

Nawasikiliza.

Mzazi wa kijana mwenye usonji

Mleta mada, nakuheshimu, lakini unazungumza kama mtu ambaye shule ya umma haijawahi kumwambia "vumilia." Mwanangu alipokelewa na shule ya umma bila usaili wowote. Alikaa dawati la mwisho. Kengele ikilia anaziba masikio na kulia, wenzake wanacheka, mwalimu anamtoa nje. Ripoti ya muhula ilisema: "Anaendelea vizuri." Anaendelea wapi, hawakuandika.

Shule binafsi tuliyompeleka ni ndogo sana. Walichofanya wiki ya kwanza ni kuizima kengele. Wakambandikia ratiba ya picha mezani: picha ya kitabu, picha ya mpira, picha ya kunawa mikono, na kila akimaliza jambo anabandua picha yake na kuiweka kwenye kikopo. Baada ya muda akaacha kukimbia darasani, kwa sababu alijua kinachofuata. Sasa wewe unataka shule kama hiyo ilazimishwe kumpokea kila mtu. Ikijaa, itakuwa kama ile tuliyoikimbia.

Na kwa kuwa umeleta Marekani, malizia. Mwaka 2017 Mahakama yao ya Juu iliamua kesi ya Endrew F., mtoto mwenye usonji ambaye wazazi walimtoa shule ya umma baada ya darasa la nne, kwa sababu malengo yake yalikuwa yakirudiwa mwaka hadi mwaka. Shule binafsi ikamvusha. Majaji wote walikubaliana kwamba haitoshi mtoto kupata faida kidogo tu kuliko kutopata kabisa. Mpango lazima umwezeshe kupiga hatua inayolingana na hali yake. Tangu 1993, katika kesi ya Carter, mahakama ile ile ilishakubali kwamba shule ya umma ikishindwa, mzazi aliyempeleka mtoto shule binafsi anaweza kurudishiwa gharama. Mlango wa kutokea ni haki pia.

Mleta mada

Dada yangu, hiyo ya kengele imenigusa, na sipingi ulichofanya. Mtu hawezi kuusubiri mfumo wakati mwanawe analia.

Lakini ziangalie vizuri kesi zako mwenyewe. Shannon Carter alikuwa na shida ya kusoma. Wazazi walimhamishia shule binafsi mwaka 1985 na akahitimu 1988. Hukumu ya mwisho ikatoka 1993, miaka mitano baada ya yeye kumaliza. Katika muda wote huo, ada ilitoka mfukoni mwa wazazi. Haki ya kulipa kwanza na kudai baadaye ni haki ya mwenye akiba. Mama anayefua nguo za watu hatakuwa na kesi kama ya Endrew hata siku moja, na mwanawe yuko kwenye lile dawati la mwisho ulilolisema.

Kuhusu shule ndogo zilizojengwa kwa ajili ya watoto wa aina fulani, sisemi zimfungulie kila mtu. Shule ya watoto wenye usonji ikimwambia mzazi wa mtoto asiyeona kwamba haina walimu wa nukta nundu, huo ni ukweli wa kazi yake. Mimi nawasema wale wanaojitangaza kuwa shule ya wote, wanapokea fedha za wote, halafu wanachagua.

Mmiliki wa shule binafsi

Niseme upande ambao huwa hausemwi. Nimewahi kuwarudisha watoto. Sikufanya hivyo kwa kuwachukia. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo anahitaji rampu, choo kinachoingia kiti cha magurudumu, mtu wa kumsaidia kula na kubadilisha nguo, na mtaalamu wa viungo. Mtoto asiyesikia anahitaji mwalimu anayejua lugha ya alama kikweli, siyo aliyesoma kozi fupi. Gharama hizo nikiziweka kwenye ada, wazazi wengine wanahama, na shule ikifungwa hata huyo mmoja hana pa kwenda.

Italia unayoisifu, ndugu mleta mada, umeisimulia nusu. Sheria inazitaka shule zile zimpokee mtoto, lakini sehemu kubwa ya mshahara wa mwalimu wa msaada inabaki juu ya shule, na mchango wa serikali haujawahi kuutosheleza. Na Marekani hiyo hiyo, sheria ilipopitishwa 1975, Bunge liliahidi serikali kuu itachangia hadi asilimia 40 ya wastani wa gharama ya mwanafunzi mmoja. Hadi leo ahadi hiyo haijawahi kutimizwa. Ikiwa serikali inazinyima shule zake yenyewe, mimi itanipa nini zaidi ya amri?

Mwalimu wa shule ya umma

Naomba niwaudhi wote kidogo.

Mleta mada, unasema shule ya umma haimrudishi mtu. Kwenye makaratasi, ndiyo. Mimi nimeona mtoto anaandikishwa, halafu mzazi anaambiwa, "Mlete Jumanne na Alhamisi tu," au anapigiwa simu saa nne asubuhi aje kumchukua kwa sababu "leo amechangamka." Rejista inasoma yupo. Kukataliwa kwa namna hiyo hakuna takwimu inayokunasa. Hata Uholanzi, pamoja na wajibu wao wa malezi, bado wana maelfu ya watoto wanaokaa nyumbani bila shule, na wana jina kabisa la kuwaita watoto hao.

Mmiliki, na wewe usituambie kila kitu ni gharama. Mengi yanayomwangusha mtoto darasani hayahitaji hata senti. Mimi nilikuwa naandika ubaoni huku nikiendelea kuongea. Mwanafunzi wangu mmoja anasikia kwa taabu na anasoma midomo. Kila nilipogeukia ubao, kwake somo lilikuwa limekatika. Sasa naandika kwanza, nageuka, ndipo naongea. Mtoto mwenye disleksia, yaani shida ya kusoma na kuandika, ananakili nusu ya mstari, ubao unafutwa. Ukimpa karatasi iliyokwisha kuandikwa, anatumia muda wake kufikiri badala ya kufukuzana na chaki. Mwenye uoni hafifu, mpe maandishi makubwa na umkalishe mbele, mbali na mng'aro wa dirisha. Haya yanataka mwalimu aliyefundishwa kuyaona, na vyuo vingi vya ualimu bado vinayaweka kama somo la pembeni.

Lakini ukinipa watoto sabini peke yangu, hata nikijua yote hayo siyamudu. Kumzomea mwalimu kwa hilo ni dhuluma.

Msomaji kiziwi

Mnazungumza kana kwamba kukaa darasa moja na wasikiao ndiyo ushindi wenyewe. Mwaka 1880, kule Milan, mkutano wa walimu wa viziwi, karibu wote wakiwa watu wanaosikia, ulipiga kura lugha ya alama iondolewe mashuleni na watoto wafundishwe kwa kutamka. Vizazi kadhaa viliadhibiwa kwa kutumia mikono yao. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 wa haki za watu wenye ulemavu, katika ibara ya 24, unataka elimu jumuishi, lakini ibara hiyo hiyo inataka lugha ya alama ifundishwe na utambulisho wa kilugha wa viziwi ulindwe. Mtoto kiziwi aliye peke yake kati ya wenzake wanaosikia, bila mkalimani na bila rafiki wa kuzungumza naye, ametengwa, hata kama darasa linaitwa jumuishi. Kwangu mimi, kama shule ni ya umma au binafsi ni swali la pili. Kwanza nauliza nani pale anazungumza na huyu mtoto.

Mleta mada

Ndugu yangu, swali lako nalipokea kama lilivyo, na ndiyo maana sitaki hata siku moja shule za viziwi zifungwe kwa jina la ujumuishi ili kubana matumizi.

Mwalimu, umenionyesha pengo katika hoja yangu, nami nairekebisha: kutokumkataa kuhesabiwe kwa saa ambazo mtoto amefundishwa, siyo kwa jina lake kwenye rejista. Kila siku anayorudishwa nyumbani kabla ya muda iandikwe, na sababu yake, kwa shule za umma na binafsi sawasawa.

Mmiliki, kwenye fedha uko sahihi. Wajibu na fedha vitoke pamoja katika sheria moja, na kiasi kipimwe kwa mahitaji ya mtoto. Anayehitaji muda wa ziada kwenye mtihani hawezi kugharimu sawa na anayehitaji mtu wa kumsaidia kutwa nzima. Ukiwapa fungu moja, shule itamkimbilia wa kwanza na kumkwepa wa pili. Ila nikuulize: zikija fedha hizo kamili, utakubali kumwandikia mzazi sababu ya kila mtoto utakayemrudisha?

Mmiliki wa shule binafsi

Zikija kamili na kwa wakati, nitaandika. Zikichelewa mihula miwili, nisilaumiwe.

Mzazi wa kijana mwenye usonji

Na barua hiyo nitaipeleka kwa nani? Nilikuwa na ripoti inayosema anaendelea vizuri, ina mhuri na saini. Karatasi ninazo za kutosha.

Mleta mada

Kwa chombo ambacho hakiendeshi shule yoyote, ya umma wala binafsi, chenye mamlaka ya kuamuru nafasi na siyo kushauri tu. Uholanzi wameipa shule wiki sita za kuamua kuhusu mtoto, zinazoweza kuongezwa nne. Mimi ningeanzia hapo: wiki kumi zikipita bila mtoto kuwa na dawati, chombo kimpangie shule na fedha zimfuate siku hiyo hiyo, na shule iliyomrudisha bila sababu ichangie gharama ya msaada atakaopewa huko. Asiyeafiki kipengele hiki cha mwisho aseme, kwa sababu najua ndicho kitakachopingwa zaidi.