GPA 3.6, mwalimu wa Baiolojia sekondari: njia ya kwenda kufundisha chuo bado ipo?

MwlKatiNchi
Wakuu, heshima kwenu.

Nafundisha Baiolojia na Kemia shule ya serikali mkoani Singida, hadi kidato cha sita. Nina shahada ya sayansi na elimu, GPA 3.6. Nimeshathibitishwa kazini. Bodi ya mikopo bado inachukua asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, na nyumbani kuna mke na mtoto mmoja.

Nataka kufundisha chuo. Sekondari siichukii, ila kila nikifika jenetiki natamani kwenda mbali zaidi ya mtaala, na mtihani wa NECTA unanirudisha.

Mbele yangu kuna mambo matatu. Chuo cha afya cha binafsi kinanitaka nikafundishe mikrobiolojia na parasitolojia, lakini wanataka niache kazi serikalini. La pili ni masta ya elimu, ambayo naweza kuisoma wikiendi na likizo. La tatu ni masta ya baiolojia yenyewe, ya kukaa chuoni na kufanya utafiti, na hiyo gharama yake inanitisha. Nisaidieni kuchagua.

Kapelele
3.6 mkuu? TA wa chuo kikuu (tutorial assistant, ngazi ya chini kabisa ya kufundisha) ni 3.8 kwenda juu. Huo mlango umefungwa, usipoteze nauli kwenda kwenye usaili.

Darubini
Mwalimu, Kapelele yuko sahihi kuhusu TA, lakini hiyo si njia pekee ya kuingilia. Mimi niko idara ya sayansi za viumbe chuo kikuu kimojawapo, na wenzangu kadhaa walianza kama wewe.

Kwanza hiyo masta ya elimu. Ni shahada nzuri, ila itakupeleka idara ya elimu, ukafundishe mbinu za ufundishaji na mitaala. Idara ya baiolojia inatafuta mtu wa mikrobiolojia, ekolojia, botania au bioteknolojia. Kamati inaangalia shahada zako zinafuatana vipi, na ukileta masta ya elimu kwenye nafasi ya mikrobiolojia jina lako linaondolewa siku ya kwanza. Watu wengi wanaligundua hili wakiwa wameshalipa ada.

Pili, uhadhiri msaidizi. Matangazo mengi yanataka masta yenye GPA ya 4.0 au zaidi, halafu wanarudi kuangalia na ya shahada ya kwanza. Kiwango cha shahada ya kwanza kisome kwenye tangazo lenyewe, usiniamini mimi wala mtu yeyote humu. Vyuo vingine, 3.6 itakukwamisha hata ukiwa na masta safi. Ukifika PhD, swali linakuwa umechapisha nini.

Tatu, wewe ulisoma sayansi na elimu, maana yake kozi zako za baiolojia ni pungufu kuliko za aliyesoma baiolojia peke yake. Masta zilizobobea wanaweza kukuuliza hilo. Jiandae kulijibu.

MamaMinyoo
Kaka, mimi ni mkufunzi chuo cha afya, tunafundisha utabibu na maabara ngazi ya diploma chini ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi. Kazi yenyewe naipenda. Mwanafunzi anayeona vimelea vya malaria kwenye slaidi kwa mara ya kwanza, aliyoipaka rangi ya Giemsa kwa mkono wake, anakuita kama kaona dhahabu.

Lakini usiache ajira ya serikali kwa ajili ya chuo cha binafsi bila kuona mkataba ulioandikwa. Vyuo vya aina hii vinaishi kwa ada. Wanafunzi wakipungua muhula huu, vipindi vyako vinapungua, na mshahara unaweza kuchelewa. Nilishapita huko. Waombe uwafundishie kwa saa, Jumamosi, kwa ruhusa ya mkuu wako. Ukiona wanakataa kabisa, hapo umeshapata jibu kuhusu chuo chenyewe.

Alizeti_Tu
Mwalimu uko Singida halafu unatafuta hela kwenye darubini? Lima alizeti ndugu yangu 😂

MwlKatiNchi
Alizeti ninayo ekari mbili, mvua ndiyo haina GPA 😅

Mkufunzi_wa_Nyanda
Mbona hakuna aliyetaja vyuo vya ualimu? Korogwe, Monduli, Kleruu, hivi vyote vina walimu tarajali wa sayansi. Wizara ya Elimu huwa inachukua walimu walioko kazini kuwa wakufunzi, unabaki mtumishi wa umma na miaka yako ya kazi haipotei. Na hapa ile masta ya elimu inakuwa na thamani yake. Utafundisha Baiolojia na namna ya kuifundisha, kwa mfano jinsi ya kuendesha vitendo vya kupima chakula wakati shule haina kemikali ya Benedict ya kupimia sukari ya kutosha. Hayo wewe unayajua kuliko profesa.

Darubini
Nakubaliana, hiyo ni njia nzuri. Inategemea unachokitamani, kufundisha au kutafiti. Chuo kikuu, kufundisha peke yake hakukupandishi cheo. Unaweza kuwa mwalimu bora ukabaki palepale kwa kukosa machapisho, na darasa la mwaka wa kwanza lina mamia ya watu na darubini za kugombania.

Ila ukiupenda utafiti, nchi hii ina mambo. Chura wa Kihansi, anayezaa watoto hai, aligunduliwa 1996, akatangazwa kutoweka porini 2009. Waliozalishwa Marekani walirudishwa, wakatunzwa maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kurejeshwa bondeni kwao. Kuna watu ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa kuwalisha wale vyura na kupima unyevu. Ifakara nako wanafuga mbu kwa ajili ya utafiti wa malaria. Sehemu kama hizo ndizo zenye miradi inayolipia wanafunzi wa masta.

MwlKatiNchi
Asanteni sana, wakuu. Chuo cha afya nitawajibu kwamba naweza Jumamosi tu. Darubini, nikitaka masta ya utafiti yenye ufadhili, naanzia wapi? Nisubiri tangazo?

Darubini
Usisubiri. Kwa mwajiri, anza mapema taratibu za ruhusa ya masomo, maana ukiondoka na ruhusa mshahara unaendelea, na ukiondoka bila ruhusa ni utoro kazini. Kwa upande wa chuo, fungua ukurasa wa idara, soma wahadhiri wanachapisha nini, chagua wawili au watatu ambao kazi yao unaielewa kweli. Waandikie barua pepe fupi: wewe ni nani, umesoma kazi yao ipi, una swali gani la utafiti, na kama wana mradi wenye nafasi. Ambatisha vyeti. Historia ya maisha yako iache, hatuisomi. Asipojibu, mkumbushe baada ya wiki mbili, tunasahau kweli.

MamaMinyoo
Na swali lako lianzie hapohapo Singida. Kichocho, minyoo, maji ya mabwawa, wanafunzi wako wenyewe wanakunywa nini. Kibali cha maadili ya utafiti utakihitaji, hasa ukigusa watoto, kwa hiyo usianze kukusanya sampuli kabla hujapata msimamizi.

Alizeti_Tu
Ukipata hiyo masta, zile ekari mbili nauliza bei mapema.