Vituko vyako: uvianike au ufe navyo?

Mtoa mada:
Wakuu, nianze na aibu yangu mwenyewe. Siwezi kulala kabla sijarudi mlangoni mara tatu kuhakikisha nimefunga. Mara mbili hazitoshi, na nikipitiliza ya nne hesabu imeharibika, naanza upya. Sauti ya televisheni nayo lazima isimame kwenye namba shufwa. Ikikaa kwenye 17 mwili unawasha.

Niliwahi kuyaandika haya mtandaoni kwa mzaha. Watu walicheka, na wengine wakaja faraghani: "Kumbe tuko wengi!" Nikanogewa. Vituko vyangu vilipokwisha, nikahamia kwa mke wangu, ambaye huongea usingizini. Nikaandika na maneno yenyewe, neno kwa neno, maana yalichekesha kweli. Jioni nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, simu mapajani, ukurasa wangu umefunguka. Hakufoka. Aliuliza tu, "Wameshasoma wangapi?"

Nilifuta palepale. Usiku huohuo shemeji yangu akamtumia picha ya skrini ya maneno yaleyale.

Basi nauliza: mtu ana haki ya kuanika tabia zake za ajabu? Mimi nimeanza kuamini kwamba kituko cha mtu mmoja hakipo. Hata huo mlango wangu, kuna mtu kalala pembeni anasikia kitasa kikilia mara tatu.

Kalamu Kavu:
Mkuu, kosa lako ni moja: hukumuomba ruhusa. Usilifanye kuwa kosa la wote wanaosema. Mimi nilihangaika miaka na waswasi wa kunawa mikono nikidhani nimerogwa, hadi nikasoma maelezo ya mtu nisiyemjua aliyejieleza bila kujificha. Angenyamaza, nami ningeendelea kujichubua ngozi. Isitoshe, mwaka 1986 mwanasaikolojia James Pennebaker na mwenzake walichapisha utafiti: wanafunzi waliandika kuhusu mambo mazito yaliyowapata, dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Walioandika matukio pamoja na hisia zao walipunguza safari za kwenda kutibiwa katika miezi iliyofuata. Kutoa ya moyoni ni dawa.

Bi Mdogo:
Kalamu Kavu, utafiti huo unanipa ushindi mimi. Wale wanafunzi waliandikia nani? Maandishi yalikuwa siri, hakuna shangazi wala bosi aliyeyasoma. Kuandika ni jambo moja, kutangaza ni jingine. Nunua daftari.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Siku hizi kata tumeipa kipaza sauti.

Fundi Mitambo:
Mnajadili aibu, mimi naleta wizi. Mwaka 2008 Sarah Palin akigombea umakamu wa rais wa Marekani, kijana mmoja aliingia kwenye barua pepe yake ya Yahoo bila utundu wowote wa kompyuta. Alibonyeza "nimesahau nywila", akaulizwa tarehe ya kuzaliwa, namba ya posta na mahali alipokutana na mumewe. Majibu yote yalikuwa hadharani, kwa hiyo aliyatafuta tu. Sasa fikirieni hiyo michezo ya "tuambie jina la mnyama wako wa kwanza, mwalimu uliyempenda, mtaa uliokulia". Mnaona vituko, mwenzenu anaona funguo. Na wewe mtoa mada umeshatuambia mlango wako unakaguliwa saa ngapi, karibu.

Mtoa mada:
Fundi, saa sikutaja! (Lakini nimeshtuka, nimerudi kusoma.)

Kalamu Kavu:
Kwa hiyo tukae kimya wote? Heather Armstrong alifukuzwa kazi mwaka 2002 kwa sababu ya aliyoyaandika kuhusu kazini kwake kwenye blogu yake, Dooce. Wamarekani wakatunga kitenzi kutokana na jina hilo, maana yake kufutwa kazi kwa ulichoandika mtandaoni. Mwisho wa hadithi? Blogu ileile ikaja kulisha familia yake, na kina mama wengi wakajiona humo alipoandika kuhusu sonona baada ya kujifungua. Angetii ushauri wa daftari, wale akina mama wangesoma nini?

Bi Mdogo:
Wenzake wa kazini waliochorwa humo, nao walilipwa? Na watoto je? Mama anaandika kwamba mwanawe wa miaka tisa bado anakojoa kitandani, anapata pole mia. Mtoto anafikisha kumi na tano, wenzake darasani wanaitafuta ile habari na kuipata. Yeye aliulizwa lini?

Mtoa mada:
Hapo kwa mtoto sina jibu. Mtu mzima unaweza kumuomba ruhusa, ila wa miaka tisa hata akikubali hajui anachokubali. Kalamu Kavu, hoja yako ya waswasi naiheshimu, na ndiyo maana mlango wangu nimeuacha humu.

Kwa wanaouliza kama nimerudia kosa: mke wangu amesoma mada hii kabla sijaiweka. Alifuta sentensi mbili. Msiniulize zilisemaje.