Okidi yanifia mikononi baada ya kuihamisha chungu, nisaidieni

BintiLangoni:
Assalam aleikum wapenda bustani. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Januari shangazi alitoka Nairobi na okidi, ile ya maua meupe kama vipepeo, imo ndani ya kichungu cha plastiki kinachoonyesha ndani. Ilikaa na maua wiki sita hivi, nikajisifu mtaa mzima. Yalipopukutika nikaona mizizi imetoka nje ya chungu inaning'inia, nikasema masikini, amebanwa. Nikanunua chungu kikubwa cha udongo, nikajaza udongo mweusi na samadi ya punda (punda si wametujaa mlangoni), nikaifukia hadi shingoni na kuimwagilia maji ya kisima kila asubuhi.

Leo wiki ya tatu. Majani mawili ya chini yamekuwa manjano, la juu limelegea kama mchicha uliolala. Ukisogeza pua kwenye chungu unapata uvundo. Nimekosea wapi?

MpandaMaua:
Wa aleikum salaam dada. Pole, lakini umeizika hai. Hiyo ni Phalaenopsis, kwao ni misitu ya Asia, na huishi imeng'ang'ania magome ya miti, mizizi ikipigwa na upepo. Ile iliyoning'inia ilikuwa inapumua tu, haikubanwa. Itoe leo, usingoje kesho.

Isuuze kwenye beseni hadi udongo uishe, kisha bonyeza mzizi mmoja mmoja kwa vidole. Ulio hai ni mgumu; ukikauka huwa wa kijivu cha fedha, ukilowa unageuka kijani. Uliooza ni wa kahawia, unatoa maji ukiuminya, na ngozi yake inavuka kama soksi ukabaki uzi mtupu. Huo kata. Mkasi upanguse kwa spiriti kwanza.

KakaWaShela:
Na mdalasini! Unga wake ukipaka kwenye vidonda unazuia ukungu. Halafu chini ya chungu mimi hutia kokoto za matumbawe, maji yasituame.

MpandaMaua:
Mdalasini sawa, ila kwenye kidonda tu. Ukipaka mzizi mzima unaukausha. Matumbawe hapana ndugu yangu, hayo ni chokaa tupu, na huyu hapendi chokaa.

MamaWatatu_Malindi:
Cha kupandia: magome ya msonobari huku kwetu shida kuyapata. Mimi hukatakata makumbi ya nazi kwa panga, vipande vya kama kidole gumba, makopo mawili kwa kopo moja la mkaa uliovunjwavunjwa. Lakini sikiliza, maana mimi hili lilinitia hasara. Makumbi yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kamba yamenyonya chumvi. Nilipanda okidi tatu humo, ncha za mizizi zikaungua zote, nyeusi tititi. Chukua makumbi makavu ya jikoni, yaloweke siku tatu ukibadilisha maji kila siku, mpaka maji yaache kuwa rangi ya chai.

Na hicho kisima chako, onja maji yake. Yakiwa na chumvichumvi hata kidogo, achana nayo. Masika ndiyo haya, kinga mvua kwenye ndoo.

KakaWaShela:
Hapo kweli. Bibi yangu chai ya maji ya kisima alikuwa haigusi, mpaka maji ya jabia, lile tangi la kukingia mvua.

BintiLangoni:
Nimeitoa. Mizizi ilikuwa kumi na mmoja, imesalia minne, na mmoja wao ni nusu. Nusura nitapike. Sasa chungu kipi? Na niiweke wapi? Nyumba yetu ya kizamani, vyumbani giza, kiwanda nacho, yaani ule ua wa ndani, saa sita jua linamwagika lote.

MpandaMaua:
Kichungu kile kile cha plastiki, kama hukukitupa. Mizizi minne ndani ya chungu kikubwa, makumbi yatabaki majimaji wiki nzima na utarudi ulikotoka. Tena hicho unaona rangi ya mizizi bila kuchokonoa. Shingo ibaki juu; ikiyumba ifungie kijiti. Siku tano usimwagilie, vidonda vikauke. Baada ya hapo ngoja mizizi igeuke kijivu ndipo utie maji, na usiache maji yakituama katikati ya majani, moyo utaoza. Kiwanda kinafaa, tafuta ukuta ambao jua haliufikii lakini unaweza kusoma gazeti bila taa. Na kikonyo cha maua kikate.

BintiLangoni:
Kikonyo bado kijani jamani. Roho inaniuma.

MamaWatatu_Malindi:
Kata mwanangu. Kwa mizizi minne hauwezi kulisha kikonyo na kuota mizizi mipya kwa pamoja. Wangu mmoja ulibaki na miwili, ukakaa karibu mwaka ndipo ukatoa jani.

KakaWaShela:
Ule udongo wa samadi usiumwage, tia kwenye asumini.

BintiLangoni:
Kikonyo nimekata, nimefumba macho. Asumini ililiwa na mbuzi wa jirani juzi. Hiyo nitaifungulia uzi wake.