Kumchagua daktari wa mtoto kabla sijajifungua: niangalie nini?

Mama Kijacho

Wakuu, heshima kwenu. Mimba yangu imeingia wiki ya 33, mtoto wa kwanza. Kliniki nahudhuria vizuri na mkunga wangu sina neno naye. Kinachoniumiza kichwa ni daktari wa mtoto mwenyewe. Mama mkwe ananicheka: "Mtoto hata pua yake hatujaiona, wewe unamtafutia daktari?" Mume wangu anasema tutampata huko huko hospitali. Mimi sitaki kuanza kuulizia watu nikiwa na mshono mbichi na mtoto analia.

Nina majina mawili. Wa kwanza ni daktari bingwa mwenye jina kubwa, ukitaja watoto tu anatajwa yeye. Juzi nilipita kwake kuangalia mazingira. Benchi limejaa, mtoto mmoja anakohoa hadi anatapika, na aliyebanana naye ni mama mwenye kichanga kilichofungwa kwenye shuka. Wa mapokezi akanijibu bila kuinua macho, "Njoo mtoto akishazaliwa." Wa pili ni daktari kijana, hana jina bado, lakini yuko karibu na nyumbani na amekubali nikaongee naye wiki ijayo.

Jambo jingine: kundi langu la damu ni O hasi, la mume wangu ni A chanya. Sindano ya wiki ya 28 nimeshachomwa. Kama linahusika na hili sijui, ila naliweka mezani. Nikifika kwa huyo kijana niulize nini? Na tafadhali msiniambie "fuata moyo wako". Moyo wangu kwa sasa unataka usingizi tu.

Baba Mapacha

Hongera sana dada. Mumeo mwambie kwamba huko hospitali utampata daktari wa zamu, na zamu yake ikiisha anakwenda zake nyumbani. Wewe unatafuta wa kubaki naye.

Sisi tulianza na mwenye jina kama huyo wako. Jina lilikuwa kwenye kibao mlangoni, lakini kila tukienda tunaonwa na msaidizi, na kila msaidizi anaanza upya: walizaliwa na uzito gani, nani alitangulia, walilala kwenye mashine au hapana. Mke wangu akawa anajibu huku amefumba macho.

Tulipotaka kuhama nilifanya kitu kimoja ambacho nakushauri ukifanye kabla hujajifungua. Chukua namba wanayokupa ya dharura, ipige Jumapili saa tatu usiku. Niliyempigia kwanza, simu iliita mpaka ikakata. Kwa wa pili akapokea muuguzi, na swali lake la kwanza likawa, "Mtoto ana umri gani?" Nikamwambia ukweli kwamba hakuna mgonjwa, nataka kujua utaratibu. Hakuchukia. Akanieleza daktari akisafiri nani anamshikia, na usiku wa manane mtoto apelekwe mlango gani. Tukamchukua huyo, na cheti chake ukutani sikukisoma.

Umuhimu wake niliuona baadaye. Mmoja wa mapacha alipata joto la 38 akiwa na wiki sita, saa nane usiku. Yule muuguzi hakusema mpe dawa ya homa mlale. Alisema leteni sasa hivi. Mtoto wa chini ya miezi mitatu akifika 38 hasubiri asubuhi, hata kama ananyonya na anakutazama vizuri.

Muuguzi Mstaafu

Mwanangu, hilo uliloliweka mwisho kana kwamba ni nyongeza ndilo ningelianza nalo. Nimefanya kazi wodi ya wazazi miaka mingi, na mama wa O hasi nilikuwa nawaandikia kwa wino mwekundu.

Sindano uliyochomwa inahusu hiyo "hasi": inauzuia mwili wako usitengeneze kingamwili, yaani askari wa mwili, dhidi ya damu chanya ya mtoto. Mtoto akizaliwa chanya utachomwa nyingine ndani ya saa 72, na faida yake kubwa ni kwa mimba zijazo. Lakini kuna suala la O yenyewe, na sindano hiyo hailigusi kabisa. Mtoto akichukua kundi A la baba yake, kingamwili zako zinaweza kuzivunja chembe nyekundu za damu yake, hata kama ni mtoto wa kwanza. Wengi hawapati shida kubwa. Wachache wanapata manjano, yaani macho na ngozi kuwa njano, mapema na yanapanda haraka.

Manjano ya kawaida huonekana siku ya pili au ya tatu. Yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza si ya kawaida, mtoto apimwe damu siku hiyo hiyo. Na usidanganywe na mwanga wa balbu. Mpeleke penye mwanga wa mchana, tazama weupe wa macho na ufizi, hasa kama ngozi yake ni nyeusi. Akianza kuwa mlegevu, anasinzia hata kunyonya haamki, usipige hata simu, nenda. Na kumwanika mtoto juani dirishani si tiba. Matibabu ni mwanga maalumu wa hospitali kwa kipimo, kwa sababu bilirubini, ile rangi ya njano inayobaki kwenye damu chembe nyekundu zikivunjika, ikizidi sana huharibu ubongo.

Kwa hiyo swali lako la kwanza kwa daktari ni hili: "Mimi ni O hasi. Mtoto akizaliwa utafanya nini?" Anayejua kazi yake atataja damu ya kitovu ipimwe kundi, na kipimo cha kuona kama kingamwili zako zimeshika chembe za mtoto. Kisha atakuambia anataka kumwona tena lini. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto aangaliwe ndani ya saa 24 za kwanza, tena kati ya saa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha wiki ya sita. Akikuambia "mlete wa wiki sita kwa chanjo", mshukuru, uondoke.

La pili: anaruhusiwa kumwona mtoto pale utakapojifungulia? Wengi hawaruhusiwi, na si kosa lao. Basi usitoke wodini bila karatasi yenye uzito wa kuzaliwa, kundi la damu, kipimo cha manjano kama kimefanyika, sindano ya vitamini K na chanjo alizopewa. Nimeona watoto wakichomwa kitu kile kile mara mbili, na wengine wasichomwe kabisa, kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake ameshafanya.

Mama wa Watatu

Mimi nitapingana kidogo na hii habari ya bingwa. Mtoto aliyetimiza miezi, mwenye uzito mzuri, anahitaji mtu makini wa kumpima, kumchanja na kujua lini amkabidhi kwa mkubwa wake. Wangu watatu wameangaliwa na daktari wa kawaida tu. Kama mtoto ni njiti au ameshaonekana na tatizo la moyo kwenye ultrasaundi, hapo sawa, tafuta bingwa.

Kipimo changu ni kunyonyesha. Muulize, "Nikija nakwambia mtoto hashibi, utaanza na nini?" Mmoja aliniandikia maziwa ya kopo kabla hajanivua hata kanga kuona mtoto anavyoshika titi, na ukutani kwake kulikuwa na saa yenye picha ya kopo hilo hilo. Kanuni za kimataifa za mwaka 1981 zinakataza matangazo ya namna hiyo kwenye vituo vya afya. Sikurudi. Kichanga kupungua uzito kidogo siku za mwanzo ni kawaida, akirudisha ndani ya wiki mbili. Akipungua zaidi ya asilimia 10 hapo ndipo daktari aangalie kwa makini, na aanze kwa kumwona akinyonya.

Muuguzi Mstaafu

Mama wa Watatu, nakuunga mkono. Ila kwa huyu wa O hasi, huyo daktari wa kawaida awe na mahali pa kupima bilirubini na jibu litoke siku hiyo hiyo. Asiyekuwa na kipimo atakuwa anakisia kwa macho, na macho hudanganya.

Mama Kijacho

Asanteni wote. Nimeenda kwa yule kijana na mume wangu, safari hii kwa hiari yake, baada ya kumsomea maneno ya Muuguzi kwa sauti.

Nilimtajia O hasi na A chanya. Akaweka kalamu chini, akauliza kama nimewahi kuongezewa damu au mimba kuharibika. Kisha akasema yale yale ya damu ya kitovu, na kwamba anataka kumwona mtoto siku ya tatu hata kama ni sikukuu. Hospitali yangu haruhusiwi, alikiri mwenyewe kabla sijauliza, akaniandikia barua ya kumkabidhi daktari wa zamu. Kipimo cha bilirubini hana, sampuli anapeleka maabara ya jirani na majibu yanatoka baada ya saa mbili. Vichanga vinasubiri chumba cha nyuma, mbali na wanaokohoa. Hapo mume wangu alinikanyaga mguu kwa furaha.

Kilichonipunguzia nyota ni simu. Nilipiga Jumapili kama Baba Mapacha alivyoelekeza, ikapokelewa baada ya kupiga mara ya pili, na aliyepokea alikuwa usingizini. Nikamweleza daktari. Akaomba radhi, akanipa na namba ya mwenzake anayepokezana naye. Nimempigia huyo mwenzake jana usiku, amepokea papo hapo.

Tumemchukua. Barua iko kwenye begi la kujifungulia, mfuko wa mbele, na mama mkwe ameshaonyeshwa ilipo.

Baba Mapacha

Namba zote mbili ziandike na kwenye karatasi. Simu huwa inaisha chaji saa ile ile unapoihitaji.