Tupeane uzoefu: mwalimu wa chekechea alimpokeaje mtoto wako mwenye ulemavu?

Mama Pacha Mmoja
Wakuu, habari za jioni. Leo nilikwenda kuandikisha mtoto awali kwa ajili ya Januari. Mbele yangu kulikuwa na mama amembeba mgongoni mtoto mkubwa, miguu inaning'inia. Mtindio wa ubongo. Mwalimu akamtazama mtoto, wala hakumtazama mama, akasema, "Huyu mpeleke kwa wenzake." Mama akakaza khanga, akaondoka. Na mimi wangu ana mtindio. Zamu yangu ilipofika niligeuza nikarudi naye nyumbani. Mliopitia hili naomba mseme: mwalimu alifanya nini, mtoto akabaki au akaondoka?

Muuza Ubuyu
Pole sana dada. Wangu alizaliwa na mgongo wazi. Mkojo lazima nimtoe kwa kumpitishia mpira mwembamba kila baada ya saa chache. Mwalimu alimpokea, ila akaniambia, "Hilo la mpira mimi siligusi." Basi mwaka mzima nilishinda chini ya mwarobaini wa shule nauza ubuyu, nasubiri saa nne na saa saba. Siku moja niliondoka kidogo kwenda kununua mzigo, daladala ikaharibika njiani. Nimefika saa sita, nikamkuta ameloa, kaketi peke yake kwenye mkeka, wenzake wako upande wa pili. Mwalimu ndiye aliyewasogeza. Hakumpiga, hakumtukana. Aliwasogeza tu. Sasa yuko darasa la nne na bado haketi karibu na mtu.

Dereva wa Usiku
Hapo kwenye kuwasogeza nimeshindwa kuendelea kusoma.

Chaki Moja
Mimi ni mwalimu wa awali, mwaka wa kumi na moja sasa. Darasa linatakiwa liwe na watoto 25. Mimi ninao 87, msaidizi sina. Sisemi hivyo kujitetea, nataka niwasimulie kitu ambacho hakijanitoka.

Mwaka juzi nilipokea mtoto mwenye usonji. Haongei, ukimwita hageuki, anakaa kwenye kona anazungusha kifuniko cha chupa. Nikamwacha na kifuniko chake. Niliona kazi yangu nimeimaliza, si yumo darasani? Siku moja nilikuwa nagawa uji, mtoto mmoja akajimwagia, nikainama kumfuta. Nimeinuka, kona tupu. Kifuniko kipo sakafuni.

Simu inazima, nakuja kumalizia.

Dereva wa Usiku
Mwalimu, sema kwanza kama alipatikana!

Binti Pangani
Nimekaa hapa siondoki.

Baba Watatu
Wakati tunamsubiri mwalimu: ndiyo maana nasema watoto hawa wapelekwe kwa waliosomea. Chuo cha Patandi kinafundisha walimu wa elimu maalumu. Huyu wa watoto 87 tunamwonea.

Muuza Ubuyu
Kaka, Patandi iko Arusha, mimi niko Mbagala. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa mwanangu haki ya kusoma na wenzake wa mtaa huu huu.

Baba Watatu
Sheria haitampitishia mpira, mama. Umekaa mwarobainini mwaka mzima na sheria ipo.

Muuza Ubuyu
Nilikaa ili asome. Ukae wewe siku moja.

Mikono Inasema
Mimi ni kiziwi. Naomba Baba Watatu asishambuliwe. Chekechea ya mtaani mwalimu alinipenda kweli, kila asubuhi ananinyanyua juu. Lakini mwaka ule wote sikuwa na neno hata moja. Nilipopelekwa shule ya Buguruni Viziwi nikaona mtoto mwenzangu anaomba maji kwa mkono, na anapewa. Siku hiyo ndipo nilipojua maji yana jina. Kiziwi anahitaji lugha ya alama mapema, na wenzake wanaoitumia.

Muuza Ubuyu
Wangu anasikia na anaongea. Tusiwaweke wote kapu moja.

Mikono Inasema
Hapo tuko pamoja dada.

Chaki Moja
Nimerudi. Alipatikana. Ilikuwa karibu saa kumi na moja, kwenye mashine ya kusaga, ng'ambo ya barabara ya malori. Kavuka peke yake. Nilimkuta juu ya gunia la pumba, uso mweupe kwa unga, ametulia kuliko nilivyowahi kumwona. Baba yake alikuwa ameshanikunja shati mbele ya mwalimu mkuu, na simlaumu. Mama ndiye aliyeuliza, "Mmetazama mashineni?" Kumbe tangu mdogo akisikia mashine inanguruma anaifuata. Mtaa mzima unajua. Mimi nimekaa naye miezi mitano, mama yake sijamwuliza chochote zaidi ya tarehe ya kuzaliwa.

Tangu siku hiyo mzazi namketisha. Anapenda nini? Anaogopa nini? Akitaka chooni anafanyaje? Akikasirika unamtulizaje? Naandika nyuma ya daftari la mahudhurio. Yule mtoto tulimfungia gurudumu la baiskeli bovu pale kwenye kona. Wiki ya pili wenzake walikuwa wanapanga foleni kulizungusha naye.

Dereva wa Usiku
Alhamdulillah. Nilikuwa nimeshika moyo.

Bibi wa Tabora
Mjukuu wangu alikuwa hivyo hivyo. Nilimfunga kengele mguuni, sikumpoteza tena.

Binti Pangani
Bibi, shikamoo, lakini mtoto si mbuzi. Fungeni geti.

Bibi wa Tabora
Marahaba. Geti hilo shule yenu inalo?

Mama Kofia
Wenye watoto wenye ualbino: wangu mwalimu alimkalisha dirishani "apate mwanga", kumbe mwanga ndio unamwumiza macho. Nikaomba akae mbele kabisa, mgongo kwa dirisha, na kofia asivuliwe mstarini. Kilisun, yale mafuta ya kujikinga na jua yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, mwalimu nilimwonyesha kuyapaka, haikuchukua hata dakika mbili.

Binti Pangani
Mama Pacha, anza kwa afisa elimu kata akupe barua.

Baba Watatu
Barua itamchukiza mwalimu. Nenda asubuhi mapema mkiwa wawili tu, ongea naye.

Mama Pacha Mmoja
Asanteni sana. Yule mama nimempata, anauza dagaa sokoni. Jumatatu tunakwenda pamoja, na maswali ya Chaki Moja tumeshayajibu kwenye karatasi. Anayemjua fundi wa viti vyenye meza na mkanda wa kifuani, Mbagala au Temeke, anielekeze. Wangu ana miaka mitano, wa kwake sita.