Kima cha chini cha mshahara kimepanda: kiwanda kidogo cha mikate kifanye nini?

Swali (mwenye kiwanda, Mombasa)

Nina kiwanda kidogo cha mikate huku Kisauni chenye wafanyakazi watano, wote wakilipwa kima cha chini. Nyongeza ya asilimia 6 iliyoanza Novemba 1, 2024 ilitoa mshahara wa mfanyakazi wa kawaida wa Nairobi, Mombasa na Kisumu kwenye shilingi 15,201.65 hadi 16,113.75 kwa mwezi, kabla ya marupurupu ya nyumba. Siipingi, kwa maana naona jinsi kodi ya chumba na nauli zinavyowamaliza watu wangu. Lakini mwenzangu wa mtaa wa pili hajaandikisha mfanyakazi hata mmoja, analipa apendavyo, na mkate wake ni rahisi kuliko wangu. Je, nipunguze mtu mmoja au nipandishe bei?

Jibu (mhasibu)

Ndugu, piga hesabu kabla ya kumgusa mtu. Tofauti ni shilingi 912.10, ukiongeza asilimia 15 ya marupurupu ya nyumba, kisha mchango wako wa asilimia 6 wa NSSF (mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii) na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba, unafika takriban 1,128 kwa kila mtu, yaani kama 5,640 kwa wote watano. Asilimia 2.75 ya bima ya afya hukatwa kwa mfanyakazi peke yake. Ikiwa unaoka mikate 400 kwa siku kwa siku 26, nyongeza hiyo ni kama senti 54 kwa mkate.

Jibu (afisa wa rasilimali watu)

Kupunguza mtu nako kuna gharama. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakutaka utoe notisi ya mwezi mmoja kwa mfanyakazi na kwa afisa wa leba, kisha ulipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumikia, mbali na likizo anayodai. Kumgeuza kuwa kibarua hakutakuokoa, kwa sababu anayefanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima huhesabiwa kama mwajiriwa wa mshahara wa mwezi.

Jibu (mfanyabiashara, Kisumu)

Hesabu ya mhasibu ni sahihi, ila hakuna dukani anayeongeza senti 54. Bei hupanda kwa shilingi tano, na mteja huhama. Kinachomuumiza ndugu yetu hasa ni kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini ziko katika sekta isiyo rasmi, ambako amri ya mshahara husomwa redioni tu na haifiki kazini, huku mkaguzi akirudi kwa yule yule aliyejiandikisha. Mimi ningewabakiza wote watano, nikatafuta oda za shule na hoteli zinazodai risiti halali, kwa kuwa huko mwenzako wa mtaa wa pili hawezi kuuza.