Naomba ushauri: picha za usiku za Boma la Bagamoyo

Habari za jioni wakuu. Napiga picha za usiku za Boma la Wajerumani hapa Bagamoyo, lile la mwaka 1897. Kamera iko kwenye stendi, ISO 100 (kiwango cha kuhisi mwanga), tundu la lenzi f/11, picha moja sekunde 30. Shida ni taa ya jirani: inaunguza ukuta kabisa, unatoka mweupe tu pichani, huku matao yakibaki giza totoro. Minazi nayo inatoka kama moshi kwa upepo wa bahari, ingawa hilo silichukii sana.

Je, nipige kadhaa za mwanga tofauti niziunganishe, au niwahi mara baada ya magharibi, anga likiwa bado na buluu? Na stendi yangu nyepesi. Nikiining'inizia begi itatulia, au upepo utalibembeza na begi lenyewe? Kuambiwa nitumie simu sitaki, jamani.